Pumzi Ndani ya Darubini

"Umefunga vibaya."

"Nimefunga vizuri, mjomba. Ukungu unatoka ndani."

"Ndani kuna nini, birika la chai? Acha ubishi. Mwenyewe anaifuata jioni hii. Akiikuta hivi, kesho unashika ufagio na ufundi unausahau."

Nilikatishwa shule kidato cha pili nije kumsaidia hapa karakanani, kwa ahadi kwamba atanifundisha kazi. Meza hii ya ufundi ndiyo pekee niliyobaki nayo.

Juu yake palikuwa na sekstanti, chombo cha mabaharia cha kupimia jua na nyota ili wajue walipo. Hii ilitengenezwa kwa ajili ya bahari za barafu. Kishikio cha mbao, maana chuma cha baridi hubandua ngozi. Vifundo vinene, vya kuzungushwa na mkono wenye glavu. Grisi isiyoganda. Darubini yake ndogo ilizibwa kwa mpira pande zote, unyevu usipenye.

Lakini ukungu ulikuja... ukafifia... ukaja tena.

Kama mtu anayepumua.

Nilikuwa nimeshinda nikiikausha na kuifunga upya mchana kutwa. Nilitamani kuitupa dirishani.

"Lete, nikuonyeshe," mjomba akanipokonya. Akaifungua, akainamisha uso karibu.

Fsss...

Ikatoka harufu ya sufu iliyolowa na chumvi. Mjomba akakohoa, akameza mate, akafunga. Kioo kikawa safi kabisa, bila ukungu.

"Umeona? Kazi ya dakika. Wewe kelele tu."

Nilikuwa namtazama mdomo.

Karakana ilikuwa tanuri. Shati lake lilikuwa limelowa jasho. Lakini kila alipopumua, mvuke mweupe ulimtoka, kama mtu aliyesimama juu ya barafu.

"Mjomba... unasikia baridi?"

Aligeukia dirisha, akaitafuta nyota ya kwanza.

"Tumepotea," akanong'ona. Sauti haikuwa yake.

Mlango ukagongwa. Nikamkimbilia mwenye chombo, mzee mmoja, nikamkabidhi ili aende zake. Akaweka jicho kwenye darubini. Akaishusha polepole.

"Nani amefungua?"

Alitazama juu ya bega langu, na mjomba akaondoka dirishani, akaja, mtiifu kama mtoto aliyeitwa. Nikamshika mkono wa shati. Akajitoa bila kuniangalia.

Yule mzee akanirudishia sekstanti mikononi.

"Chombo baki nacho, binti, sasa ni kitupu. Mimi namchukua huyu."