Ndugu wa Mama Cherehani

Mwanamke mwenye mgongo mbovu hawezi kujifunga bandeji kisiginoni. Basi siku Mama Cherehani aliporudi kukaguliwa kidonda chake cha sukari, nesi aliushika ule mguu akaugeuza huku na huku. Bandeji imekazwa mkunjo kwa mkunjo, fundo limekaa pembeni, vilevile anavyofunga yeye nesi. Ila ilinuka moshi, moshi wa kuni zilizomwagiwa maji.

"Kakufunga nani, mama?"

"Si ni yule ndugu uliyemfundisha," Mama Cherehani akanong'ona.

Nesi akageuka kutazama mlangoni. Yeye hakufundisha ndugu yeyote.

Ilikuwa hivi. Pale wodini mgonjwa kama huyo haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka aje ndugu yake, aonyeshwe kusafisha na kufunga, halafu alirudishe somo kwa mdomo wake nesi akisikia. Mama Cherehani ana watoto watatu, na hawasemezani tangu wagombee kabati la marehemu baba yao, kabati lenyewe la mlango mmoja. Wa kwanza alipopigiwa simu akasema aulizwe wa pili, mwenye kabati. Wa pili akasema mama anampenda kitindamimba, basi kitindamimba aende. Kitindamimba hakupokea. Siku nne mama wa watu anautolea mlango macho. Nesi akamhurumia, akavuta kiti kitupu, akakifundisha: safisha hivi, funga hivi, asikanyage chini mpaka nimruhusu mimi mwenyewe. Akacheka. Akaandika kwenye karatasi, ndugu amefundishwa.

Sasa akaifungua bandeji. Kidonda kilikuwa kimefunga zamani, ngozi laini kama ya mtoto. Lakini mapaja ya Mama Cherehani yalikuwa yamekwisha, yamebaki kama mipini ya jembe. Mama akasema miezi miwili hajakanyaga chini. Jirani akigonga, mlango haufunguki. Hata hapa kaletwa, kabebwa.

Nesi akaona huyu mama atakufa kitandani na mguu mzima. Akamshika mkono amwinue, na mama akarudishwa kitini taratibu, kama unavyomrudisha mtoto, na ule moshi ukajaa chumbani mchana kweupe dirisha likiwa wazi na watu wanapita nje wanaongea yao, na nyuma ya shingo ya nesi, karibu kabisa, sauti ikaanza kurudisha somo, neno kwa neno, kwa sauti ya nesi mwenyewe, mpaka ikafika mwisho: asikanyage chini mpaka nimruhusu mimi mwenyewe.

"Namruhusu," nesi akasema. "Kazi yako imekwisha. Nenda kwenu."

"Sina kwetu," ikajibu. "Nipe mgonjwa."

Mama Cherehani akaanza kulia. "Usimfukuze, mwanangu. Kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje. Nimezaa watatu, hakuna anayeniuliza hilo."

Nesi akauachia mkono wa mama. Akawafikiria wagonjwa wote wa wodini. Huyu ana mume, yule ana dada, yule kaletewa uji asubuhi. Akakifikiria chumba chake mwenyewe, sahani moja, kikombe kimoja, redio ambayo huiacha ikiongea akienda kazini ili akirudi asikute kimya.

"Kwangu hakuna mtu," akasema, polepole sana.

Moshi ukakatika. Mama Cherehani akasimama, akaufuata ukuta mpaka nje, na njia nzima anageuka kuangalia nyuma.

Tangu hapo saa ya kutoka ikifika, nesi haongei na mtu. Juzi mwenzake alimsihi wakae wanywe chai, kwani ana haraka gani mtu asiye na mume wala mtoto. Nesi akasema anasubiriwa nyumbani. Mwenzake akafurahi kweli, akamwambia afadhali, maana walikuwa wanamwonea huruma.

"Ni ndugu yako?"

Nesi akaangalia pembeni, kama anayesubiri kuambiwa ajibu nini.

"Ndiyo," akasema, akaondoka mbio.