Jina Katika Kifungu cha Saba

Kila Jumamosi saa nne asubuhi Jovia Nabifo aliingia dukani kwa Vallabh, katika barabara kubwa ya Jinja, akanunua vibonge vitatu vya uzi: mweupe, wa bluu, na kimoja cha rangi ambayo Vallabh alimchagulia kwa utani. Alikuwa mwalimu wa ushonaji katika shule ya wasichana mjini, na hakupenda mambo yabadilike. Uzi, salamu, "haya mwalimu, kwaheri," kisha nyumbani. Lakini Jumamosi moja ya Februari 1958, alipogeuka kutoka, utepe wa kupimia ulivutwa mlangoni ukamkaza kiunoni.

"Usisogee, nyabo," ilisema sauti ya mtu aliyechuchumaa nje, akimwita bibi kwa Kisoga. "Umesimama kwenye futi ya kumi na mbili."

Baraza ya duka ilikuwa imejaa. Wanawake wa kijiji cha Wanyange walikuwa wametua vikapu vya samaki, fundi alikuwa akikanyaga cherehani, na baiskeli zilipigiana kengele barabarani. Wote walimwangalia Jovia katika gauni lake la bluu lenye ukosi mweupe, amefungwa kama kifurushi.

"Nisimame mpaka lini?" aliuliza, akitazama chini.

"Mpaka nimalize kuandika. Na mimi naandika polepole."

Mtu yule aliinuka. Alikuwa kijana mrefu, kaptula ya kaki imepigwa pasi, soksi hadi magotini, kalamu mbili mfukoni. Aliitwa Geresom, karani wa Ofisi ya Mambo ya Kale ya Mkoa.

Vallabh alitoka mbio na rula yake ya kupimia kitambaa. "Wewe bwana, nafanya nini kwa duka yangu?"

"Napima, Bwana Vallabh. Nguzo hizi ni za zamani. Ofisi inataka kuziandika."

"Mimi nataka toa yote, tia kioo. Wewe nakwisha andika, mimi nashindwa toa."

"Ndiyo maana naandika."

Watu walicheka. Jovia naye alicheka, kidogo sana, lakini Geresom aliona.

Jumamosi iliyofuata, saa nne kamili, simu ya duka ililia. Vallabh alisikiliza, akakunja uso. "Mwalimu, simu yako. Nasema nataka Futi Kumi na Mbili. Mimi nauza kitambaa, hapana uza futi."

Tangu siku ile simu ile ikawa yao. Jovia aliongea kwa sauti ndogo, mgongo akiwapa wateja. Geresom aliongea kwa wote wawili.

"Futi wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umeniota?"

"Bwana Vallabh anasikia."

"Basi sema 'uzi mwekundu' kama umeniota."

Jovia aligeukia kaunta. Halafu: "Bwana Vallabh, leo nipe uzi mwekundu."

Jioni walitembea kando ya Nile. Siku moja Geresom alisimama akaonyesha maji yaliyolala kimya. "Maporomoko yalikuwa pale. Baba yangu alijua jina la kila jiwe, maana alivua pale tangu utoto. Bwawa lilipojaa, mawe yakazama, na yeye akafa mwaka uleule. Sikuwa nimeandika hata jina moja." Aligusa kalamu zake. "Kitu ambacho hakijaandikwa, Jovia, ni rahisi mno kukiua."

Jovia alitaka kumshika mkono. Alishika mkoba wake.

Wakati wa Pasaka Jovia alikuwa likizo kwao, mlimani juu ya Mbale. Geresom alitumwa na ofisi huko huko, akapanga chumba Namakwekwe, mtaa wa Mbale, na siku ya pili akapanda mlima na sukari na sabuni ili kumwamkia bibi yake Jovia, ambaye kila mtu alimwita Kukhu. Kukhu alimpokea akiwa amevaa busuti, gauni lake refu la kanisani, akamtazama kuanzia soksi hadi kalamu.

"Huyu Msoga wako ana miguu mirefu," alisema. "Atatuangushia vyungu."

Baada ya chakula wawili hao walipanda hadi kwenye jiwe moja bapa, Mbale yote ikiwa chini yao. Geresom alivua kofia.

"Jovia, nataka kuja kwa baba zako na watu wangu. Utakubali kuolewa na mimi?"

Jovia alifungua mdomo. Alikuwa na jibu tangu ile Jumamosi ya utepe, lakini neno lenyewe lilikataa kutoka. Akatafuta kitu kingine cha kumpa, kikubwa kuliko neno, akakipata.

"Unaona ule mwamba wenye miti?" alisema polepole. "Chini yake kuna pango lenye michoro ya watu wa kale, na mbele yake kuna udongo mweupe. Mwaka wa tohara, vijana wa ukoo wetu hupakwa udongo ule kabla ya kisu. Mimi hubeba chungu cha pombe ya ulezi mpaka kwenye jiwe la mpaka, kisha narudi. Mtu wa nje haonyeshwi. Wanaoambiwa ni watu wa nyumba yetu tu. Usimwambie mtu."

"Sitamwambia mtu," alisema Geresom.

Alisubiri. Jovia hakuongeza kitu, maana alikuwa amemaliza. Waliposhuka, yeye alikuwa mwepesi kama aliyetua mzigo, na Geresom alikuwa mzito, akijiuliza kwa nini msichana huyu alijibu swali la ndoa kwa habari za pango.

Mwezi Juni karatasi moja ilifika mezani kwa Geresom. Mkandarasi wa barabara aliomba kibali cha kuvunja mwamba kwa kokoto, mlimani juu ya Mbale. Geresom alitazama ramani akaujua mwamba. Kama mahali hapo hapangeandikwa katika daftari la ofisi, kibali kingetolewa baada ya siku nne.

Alikaa na karatasi ile siku nzima. Aliona maji yakipanda juu ya mawe ya baba yake. Jioni alichukua fomu akaanza kuijaza, na fomu ile ilikuwa na vifungu tisa. Cha saba kiliuliza: habari imetoka kwa nani, na je, aliitoa kwa hiari yake ili iandikwe? Bila jina, kamati ya ofisi hairuhusu. Geresom akaandika: *Bi Jovia Nabifo, mwalimu. Ndiyo.* Aliandika jina hilo kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote. Alifikiri siku moja atamwonyesha, naye atafurahi kuliona katika kitabu cha Serikali.

Simuni, Jumamosi ile, alimwuliza kama amekula.

Agosti Jovia alishuka kwenye basi Mbale. Mlimani ngoma zilikuwa zimeanza. Vijana walipita barabarani wakicheza, shanga zimepishana kifuani, njuga zikilia mapajani. Alipofika makao ya gombolola, ofisi ya tarafa yao, aliona baba yake mkubwa, Semei, mzee wa ukoo, amesimama na wazee wengine mbele ya ubao wa matangazo.

"Mwalimu amekuja," alisema Semei. "Njoo utusomee. Sisi macho yetu ni mabovu."

Ulikuwa uongo. Semei alisoma Biblia kila asubuhi bila miwani.

Jovia alisoma. Tangazo la Ofisi ya Mambo ya Kale. Pango na eneo lake, ekari mbili, vimewekwa chini ya ulinzi. Ni marufuku kuingia, kuwasha moto au kuchimba udongo bila kibali cha maandishi. Ufunguo wa lango unakaa kwa askari. Mwenye pingamizi alete ndani ya siku thelathini. Kisha akaacha kusoma.

"Endelea," alisema Semei. "Bado mstari mmoja."

"Habari ilitolewa kwa hiari na Bi Jovia Nabifo, mwalimu."

"Ahaa. Tulidhani tumesoma vibaya."

"Baba, sikujua."

"Hukujua kwamba unasema, au hukujua kwamba wana kalamu?" Hakuinua sauti. "Siku kumi na moja zimebaki, vijana wapakwe udongo. Mwenye kokoto tulimsikia; angekuja tungesimama njiani, tungemjua adui yetu. Huyu ameingia kwa mlango wa jikoni, akala chakula cha mama yangu."

Kukhu hakumgombeza. Alimpa chai, akamwuliza habari za shule. Lakini chungu cha pombe, kile chenye mshipi mwekundu shingoni, kilikuwa kimekwisha kuoshwa na kuwekwa kwenye kitanda cha binamu yake mdogo.

"Mwaka huu atabeba yeye," alisema Kukhu, akigeukia moto. "Wewe umechoka na safari."

Jovia alitoka nje, akalia nyuma ya ghala mpaka busuti ya Kukhu iliyoanikwa kwenye kamba ikawa doa tu machoni pake.

Asubuhi alishuka mjini, akaingia posta, akaomba simu ya Jinja.

"Ofisi ya Mambo ya Kale."

"Ni mimi."

"Futi wangu. Uko Mbale? Nilikuwa nataka—"

"Niite kwa jina langu. Unajua kuliandika."

Waya ulivuma.

"Umeliona tangazo," alisema Geresom.

"Nimelisoma kwa sauti, mbele ya wazee."

"Jovia, walitaka kuuvunja mwamba. Wafanye kokoto. Nilikuwa na siku nne tu."

"Jumamosi ilikuwa ndani ya siku nne hizo?"

"Ilikuwa."

"Simu ya Vallabh ililia," Jovia alisema. "Uliniuliza kama nimekula."

"Niliogopa utakataa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilitaka kupaokoa. Ungetaka pavunjwe?"

"Ningetaka kuulizwa. Sisi tumekaa na pango lile bila kufuli, Geresom. Sasa lina kufuli, na jina langu ndilo ufunguo."

Akakata simu. Karani wa posta akampa kiti.

Siku tatu kabla ya vijana kupakwa, mkuu wa ofisi, Bwana Nicanor, alikuja gombololani kusikiliza pingamizi. Alikuwa mtu mnene, mwenye suti nyeusi na kitambaa cha kufutia jasho. Kando yake aliketi Geresom na daftari, amekonda. Jovia alikaa nyuma kabisa na wanawake, kichwa amekiinamisha.

"Nani ana pingamizi?" aliuliza Nicanor.

Semei aliinuka, akaeleza habari ya udongo. Nicanor alisikiliza kwa heshima, kisha akatikisa kichwa. "Mzee, nakuelewa. Lakini fomu imejazwa sawasawa. Mtu wa ukoo wenu mwenyewe alitoa habari kwa hiari yake. Kamati haiwezi kuifungua fomu iliyo sawa."

"Bwana mkubwa, haiko sawa," alisema Geresom.

Alikuwa amesimama. Daftari lilibaki kitini.

"Kifungu cha saba ni uongo. Bi Jovia hakutoa habari ili iandikwe. Aliniambia mimi, kwa siri, na nilimwahidi sitasema. Niliandika 'ndiyo' bila kumwuliza. Huyu dada hajauza kitu chochote. Mwizi ni mimi."

Minong'ono ilipita barazani kama upepo katika migomba. Jovia hakuinua kichwa.

"Unajua kanuni inasemaje juu ya karani anayeandika uongo kwenye fomu?" aliuliza Nicanor.

"Naijua. Niliipiga chapa mimi."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza upesi. Nicanor alijifuta shingo. Fomu yenye uongo, alisema mwishowe, hurudi mwanzo. Akachukua mpya, akaijaza mwenyewe palepale, akimwuliza Semei neno kwa neno. Kifungu cha saba: wazee wa ukoo. Cha tisa, masharti: mwamba usivunjwe, ukoo ushike ufunguo, uingie na kuchimba udongo kwa desturi yake bila kibali. Semei aliomba asomewe mara tatu, kisha akaazima miwani ya jirani asiyoihitaji, akasoma mara ya nne.

"Na wewe," Nicanor alimwambia Geresom, akilivuta daftari upande wake, "hutaligusa hili tena."

Jioni ile Jovia alikitazama chungu chenye mshipi mwekundu. Kukhu alimwona.

"Nimekwisha kumpa mwenzako," alisema. "Ni miaka miwili tu mpaka tohara nyingine. Tutaona." Alichochea moto. "Yule wa miguu mirefu anaondoka kesho na basi la saa mbili asubuhi. Sikuulizwa, ila nasema."

Stendi ya Mbale ilikuwa kelele tupu. Utingo walipandisha magunia ya kahawa juu ya mabasi, na kundi la vijana wa ukoo mwingine, waliokwisha kupakwa udongo mweupe, lilipita likiimba, jamaa zao wakikimbia nyuma. Geresom alisimama na sanduku moja. Mfukoni hakukuwa na kalamu.

Alimwona Jovia akija katika gauni la bluu. Alivua kofia.

"Sikutegemea utakuja," alisema. "Nilitaka kukuomba msamaha, nikaona nilikwisha kuomba mbele ya wote."

"Uliomba kwa ukoo."

"Ndiyo."

"Mimi hukuniomba."

Geresom alishika kofia kwa mikono miwili. "Nisamehe, Jovia. Sina kazi sasa, na sikuombi kitu kingine. Hata lile swali la Pasaka, lisahau. Najua hukutaka kulijibu."

Utingo alipiga ubavu wa basi akiita watu wa Tororo na Jinja. Jovia alitazama chini, akaona viatu vyake, akaona vumbi. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimtazama usoni asiondoe macho.

"Nilikuambia habari ile wanaambiwa watu wa nyumba yetu tu," alisema. "Ulilisikia pango, ukausikia na udongo. Hilo hukulisikia."

"Sielewi."

"Unapanda?" utingo aliuliza.

Geresom alilisogeza sanduku mbali na mlango. Jovia alivuta pumzi, na safari hii neno halikukataa. Lilitoka kwa sauti kubwa, wanawake wa magunia wakageuka.

"Pale juu ya jiwe sikuwa nakupa habari, Geresom. Uliniuliza kama nitakubali kuolewa na wewe. Nilikuwa nakujibu ndiyo."