Ulimi wa Kuazima

Kila asubuhi ya likizo, binti wa mpishi aliandamana na mama yake hadi kantini ya kiwanda cha magodoro. Mama alivaa aproni, akafunga mtandio wake vizuri, kisha akawasha majiko. Binti alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akichambua maharage na kusikiliza porojo za Mjomba Karoti. Huyo alikuwa mpishi msaidizi, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakupitisha siku bila kutafuna karoti mbichi.

Ulikuwa mwezi wa mfungo. Mama alikuwa amefunga, na hakuonja kitu hata kwa ncha ya ulimi. Mjomba Karoti alikuwa wa dini nyingine, kwa hiyo yeye ndiye aliyemwonjea.

"Dada, wewe funga tu," alimtania. "Mimi nitaonja mpaka aproni ikatike kamba."

Mjomba akiwa na shughuli nyingine, binti ndiye aliyeshika kijiko. Yeye hakufunga kwa sababu alikuwa bado anameza dawa za malaria. Wafanyakazi walimpachika jina la Ulimi, naye kichwa kikamvimba. Alionja mchuzi huku amekunja uso kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

Siku moja Mjomba Karoti alitia chumvi kwenye sufuria ya maharage, kisha akaitwa stoo kupokea kabichi. Akatoka mbio bila kusema. Mama, aliyekuwa akiosha mchele, alirudi akatia chumvi yake.

"Ulimi, chumvi vipi?" aliuliza.

Binti alichota, akapuliza, akaonja. Alichosikia kilikuwa uchungu mtupu. Tangu ameze dawa asubuhi, hata chai aliisikia chungu. Angeweza kusema kwamba leo hasikii ladha. Lakini nani angemwita Ulimi tena?

"Iko sawa kabisa, mama!"

Saa ya chakula ilipofika, mfanyakazi wa kwanza alitia kijiko kinywani, akakimbilia bombani.

"Jamani, mmetupikia bahari?" alilalamika huku akisukutua. Wengine walicheka, lakini walipoonja wenyewe kicheko kikageuka manung'uniko.

Msimamizi wa kantini alikuja, akaonja, akatema.

"Mama, ulionja chakula hiki?"

"Hapana, bwana. Nimefunga. Nilionjewa."

"Nilijua tu! Mpishi gani haonji? Mambo ya dini yaache nyumbani. Kesho utaonja kama wenzako, la sivyo usije. Nitatafuta mtu mwingine."

Mama aliinamisha kichwa. Hakumtaja bintiye hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Ulimi. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha, yeye na wadogo zake. Mama akimwaga unga leo, watakula nini? Na kosa lilikuwa la nani? Binti alipiga moyo konde, akasogea mbele.

"Samahani, bwana. Aliyeonja ni mimi. Dawa zimenifanya nisisikie ladha. Sikutaka kusema, nikadanganya kwamba iko sawa."

Mjomba Karoti aliitua chini kabichi aliyoshika.

"Na mimi nilitia chumvi bila kumwambia dada," alisema. "Ila mkuu, nikukumbushe jambo. Mwezi uliopita nilipata mafua, sikusikia ladha wala harufu. Huyu dada alinionjea kila sufuria. Mbona hukuniambia nisije kazini? Mafua yangu yanavumiliwa, lakini imani yake haivumiliwi?"

Msimamizi alijifuta paji la uso kwa leso.

"Hilo sikulifikiria," alisema polepole. Akamgeukia mama. "Nimekosea, mama. Kazi yako ni yako, na mfungo wako uendelee. Kuanzia leo, mpishi asiyeweza kuonja, awe amefunga au anaumwa, ataonjewa na mtu mzima mwenzake. Anayetia chumvi aseme. Na mtoto asibebeshwe tena mzigo huu."

Mama alishusha pumzi ndefu, machozi yakimlengalenga. Wapishi walimwaga mchuzi wote, wakaongeza maji na viazi, na muda si mrefu watu wakala. Aliyekimbilia bombani aliomba kuongezwa.

Kesho yake msimamizi aliingia jikoni mwenyewe. Binti akamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba. Leo naonja mimi." Akaonja, akatafakari. "Naona imepungua chumvi kidogo. Wewe Ulimi, unaonaje?"

Wote walimgeukia. Mjomba Karoti aliacha kutafuna.

"Sijui, bwana," binti alijibu. "Mdomo wangu bado mchungu."

Jiko zima liliangua kicheko, na binti akacheka pia, mwepesi moyoni kuliko siku zote za cheo chake. Jioni, wakirudi nyumbani, mama alimshika mkono.

"Jana nusura nipoteze kazi kwa sababu mtoto aliogopa kusema hajui, na mtu mzima akahukumu imani ambayo hakuiulizia," alisema. "Wewe umesema hujui, yeye amesema amekosea. Mwanangu, kuna aliyepungukiwa kitu?"

Binti alitikisa kichwa.

"Basi usiogope tena. Na ukija kuwa mkubwa wa watu kazini, uwaulize kwanza kabla ya kuwahukumu."