Mtandio Juu ya Video ya Harusi

Bao lilipoingia, mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ulichomoka jichoni mwa kipa, ukakata uwanja mzima, ukatua jukwaani kwa binti mmoja mwenye miwani. Watu waliojazana mbele ya ukuta-picha wa stesheni ya Tanga wakaangua kicheko. Kumbe kipa hakuwa akitazama mpira! Na sasa mji mzima ulijua alikuwa akitazama nini.

Mambo ya Mtandio hayo. Miaka hiyo kila nyumba ilikuwa na ukuta-picha, ukuta wa sebuleni unaotunza na kuonyesha video zote za familia. Mhando, fundi programu wa mtaa wa Chuda, aliuandikia kipachiko, yaani programu ndogo inayojishikiza kwenye ile kubwa bila kuiharibu. Video inacheza chini kama kawaida, na juu yake Mtandio unatandaza utando usioonekana, kisha unachora kwenye huo utando. Ukisimamisha video, michoro nayo inasimama. Ukirudisha nyuma, nayo inarudi. Unapima mboni za kila mtu, unakokotoa anatazama wapi, unavuta mstari hadi kwa anayetazamwa. Akiwa nje ya picha, haidhuru. Mtandio unakumbuka vipande vingine vya video hiyo, unaujenga ukumbi upya, na kuandika jina lake pembeni.

Mhando aliwaambia waandishi wa habari kwamba aliubuni kwa ajili ya makocha. Mwongo mkubwa! Aliubuni kwa ajili ya mkewe.

Kabla Mhando hajamwoa Mwantumu, kijana mmoja aitwaye Nuhu alipeleka posa. Mwantumu mwenyewe akaikataa, mambo yakaisha. Yaliisha kwa kila mtu isipokuwa Mhando. Sasa Nuhu alikuwa mhandisi kwenye kituo cha angani, na taarifa ya habari haikupita bila kumwonyesha akielea, meno nje, akikaza parafujo za setilaiti.

"Jamani Nuhu! Angalia nywele zilivyomsimama!" Mwantumu alisema siku moja, akacheka hadi akashika mbavu.

Alicheka tu, masikini. Lakini Mhando akaisukuma sahani kando. Mbona hacheki hivyo mimi nikisema jambo? Mbona amezijua nywele zake? Wivu ukimwingia mtu kichwani hauna adabu, unahamia na virago vyake vyote. Miezi mingi alijifungia na kompyuta, na Mwantumu akimletea chai aliikuta baadaye imepoa pale pale. Mtandio ulipokamilika, video ya kwanza kuwekwa ilikuwa ya harusi yao.

Nao hao, jukwaani, bwana harusi na bibi harusi bega kwa bega. Mwantumu ameinamisha macho kama alivyofundwa, maana kwao bibi harusi anayekodoa macho ukumbini husemwa mwaka mzima. Mhando akangoja. Mara bibi harusi akainua macho kidogo, mstari wa chungwa ukaruka nje ya picha, na pembeni pakaandikwa: NUHU.

Akazima ukuta. Kesho yake akawasha tena, akafika pale pale, akazima tena. Kila siku ikawa hivyo, na hakuwahi kuvuka kipande kile. Angevukaje? Alikwishaona alichokuwa akikitafuta.

Ijumaa moja baada ya sala, Bi Mwanamvua alikuja kula. Huyu ndiye somo wa Mwantumu, bibi aliyemfunda kabla ya harusi na kumsimamia siku yenyewe. Pilau likiwa bado sahanini, Mwantumu akataja kwamba Nuhu anarudi duniani na kwao wanamwandalia karamu.

"Wewe huendi," Mhando akasema.

"Siendi kwa nini? Mama yake ni jirani yetu."

"Unakijua mwenyewe unachokifuata!"

Bi Mwanamvua akaweka tonge chini. "Mwanangu Mhando, kuna nini?"

Mhando akauamuru ukuta uwake. Ukumbi ukatokea, bibi harusi akainua macho, mstari ukaruka, jina likaandikwa. Akasimamisha video na kumgeukia mkewe.

"Siku ya harusi yetu, Mwantumu! Umekaa ubavuni mwangu, na macho yako kwa nani?"

Bi Mwanamvua akacheka, kicheko cha kukatisha tamaa.

"Loo, makubwa! Nuhu alikaa karibu na mlango, kweli. Na nyuma ya kiti chake alisimama nani?"

"Hakuna mtu. Mtandio umeujenga ukumbi wote."

"Nilisimama mimi! Nimejitanda kanga gubigubi, nimeipa kamera mgongo, maana sipendi kupigwa picha, na wewe unalijua hilo. Hicho kidude chako kinamhesabu mtu kwa macho. Macho yangu kingeyaonea wapi?"

Mhando akanywea. Ni kweli, aliuandika hivyo: asiye na macho pichani hayupo, na mstari hupewa aliye karibu.

"Tulipatana ishara, mimi na mwari wangu," bibi akaendelea. "Nikipunga pepeo langu mara moja, ainue macho anitazame. Nikipunga tena, ndipo afanye lile nililomfunda."

"Lipi?"

"Muulize mkeo."

Mwantumu alikuwa ameukabili ukuta. Uso ulikuwa mkavu, sauti ikatoka ya chini. "Mistari ya wote ipo. Wako uko wapi, mume wangu?"

"Nilijiondoa. Mwenye nyumba hachorwi, ili picha isijae."

"Jirudishe."

"Mwantumu, yaishe. Nimekosea, nisamehe..."

"Jirudishe, Mhando."

Akajirudisha. Mstari wa pili ukatokea, wa kijani, ukitoka jichoni mwa bwana harusi. Mwantumu akaamuru video ianze mwanzo. Wakaingia ukumbini, mstari wa kijani ukaenda mlangoni. Wakaketi, ukabaki mlangoni. Watu wakatunza fedha, wakapiga vigelegele, mama yake Mhando akaja kumbusu, na ule mstari haukubanduka mlangoni. Pembeni jina lilikuwa moja tu: NUHU.

"Siku nzima," Mwantumu akasema. "Siku nzima ulikuwa naye."

Video ikafika pale. Bibi harusi akainua macho, wa chungwa ukaruka kwa somo. Safari hii hakuna aliyezima.

Bibi harusi akageuka taratibu, kama alivyofundwa na somo wake. Mstari wa chungwa ukarudi ndani ya picha, ukatua usoni mwa bwana harusi, karibu kabisa, na Mwantumu wa siku ile akatabasamu. Wa kijani ulikuwa bado mlangoni. Wa chungwa ukangoja pale, ukangoja, hata watu wa meza ya mbele wakaanza kunong'ona.

Kisha bibi harusi akainamisha macho.

Mwantumu akaondoa sahani, akajifunga kanga, akamshika somo wake mkono. "Twende, Bi Mwanamvua, nikusindikize." Hakusema atarudi saa ngapi. Mhando akamtazama hadi mlango ukafungwa, na Mwantumu hakugeuka.