Kikapu cha Dirishani

Nyumbani walimwita Kiherehere, na jina lilimkaa. Alikuwa binti asiyejua kutulia. Mchana, wanafunzi waliporuhusiwa kwenda kula, yeye alitoka wa kwanza, akapitia nyumbani kuchukua chakula cha shangazi yake, kisha akatimua mbio mpaka nyuma ya kiwanda cha mashati. Hapo alipiga mluzi. Shangazi alichungulia kutoka dirisha la ghorofani, akapenyeza kikapu chembamba katikati ya nondo na kukiteremsha kwa utepe wa kushonea kola.

Mlango wa nyuma ulikuwa pale pale chini ya dirisha, lakini ulitiwa kufuli kila asubuhi ili mashati yasiibwe. Kuzungukia lango kuu kungemaliza muda wote wa mapumziko, ndiyo maana washonaji wakabuni kikapu. Walitaniana kwamba wao ni kuku wa tajiri, wanalishwa bandani. Aliyefunga kufuli lile alikuwa baba yake Kiherehere, bawabu wa kiwanda.

Siku moto ulipozuka kiwandani, Kiherehere alikuwa ameshapeleka chakula na kurudi darasani. Waya wa pasi ulitoa cheche, cheche zikarukia marobota ya vitambaa, na moto ukaziba njia ya kwenda lango kuu. Washonaji walishukia mlango wa nyuma, wakaukuta umefungwa. Walikufa watu kumi na wawili. Shangazi alikuwa mmoja wao.

Baada ya mazishi nyumba haikukalika. Baba aliketi, akainuka, akatoka nje, akarudi. Jioni moja Kiherehere alimsikia akimweleza mama kwamba tajiri mwenye kiwanda anamtaka awaambie wachunguzi kuwa mlango ulikuwa wazi, ila washonaji walichanganyikiwa kwa moshi. Akikataa, tajiri atamtupia lawama zote yeye aliyefunga, afungwe jela. Akikubali, familia za marehemu hazitapata haki yoyote.

Kiherehere alimpenda baba yake kuliko kitu chochote, na shangazi alikuwa amemlea tangu akiwa mchanga. Usiku hakupata lepe la usingizi. Darasani alitafuna kalamu mpaka mwalimu akamnyang'anya.

Siku ya uchunguzi, ukumbi ulijaa pomoni. Mkaguzi wa kazi, mwanamke mpole mwenye miwani, alimwita bawabu mbele na kumwuliza kuhusu mlango.

"Ulikuwa wazi," baba alijibu, macho yakiwa sakafuni.

Mama alimshika Kiherehere mkono asiinuke, lakini alikuwa ameshasimama.

"Samahani, baba," alisema. "Kama mlango ulikuwa wazi, kwa nini nilikuwa nikipitisha chakula cha shangazi dirishani?"

Baba alimtazama binti yake, kisha akalia mbele ya watu wote. Alipopata sauti alieleza kila kitu: kufuli lilikuwa amri ya tajiri, na kila yeye alipokwisha kufunga, tajiri aliuchukua ufunguo na kuuweka mfukoni mwake. Siku ile, baba alipoona moshi alikimbilia ofisini, akaambiwa tajiri ametoka. Alirudi kuupiga mlango kwa nyundo, lakini ulipovunjika, kumi na wawili walikuwa wameshakufa. Washonaji walionusurika walisimama mmoja mmoja kuthibitisha maneno yake.

Tajiri alishtakiwa, na familia za marehemu zikalipwa fidia. Wafanyakazi wa viwanda vyote vya mji waligoma mpaka makufuli yakaondolewa, wakapata na haki ya kuchagua wenzao wa kukagua milango kabla ya kazi kuanza. Baba naye alifikishwa kwa hakimu, akapewa onyo kali. Alirudi nyumbani amechoka, akamwita Kiherehere aketi karibu naye.

Kiherehere alianza kuomba radhi kwa kumwaibisha. Baba alitikisa kichwa.

"Mwanangu, mimi nilijua kufunga mlango ule ni makosa, nikanyamaza kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Watu wakafa. Halafu nikataka kuwadanganya hata wafiwa. Ungenyamaza na wewe, wengine wangeendelea kufungiwa. Ukimwona mtu mzima anakosea, mwambie. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie, hata akiwa mimi baba yako."