Utando wa Marehemu Shemeji

"Kopo liko wapi?"

Mlanguzi alilala kifudifudi kwenye sakafu ya bohari, pingu za plastiki mikononi, mdomo wa bastola ya Glock kisogoni.

"Kwenye begi. Chukua tu, kaka. Mimi ni tarishi."

"Tarishi mwenye bastola mbili," alisema Nukta, askari kanzu, akalivuta begi kwa mguu.

Kopo la alumini, halizidi ngumi. Ndani yake mlikuwa na utando wa mafuta, tabaka maelfu juu ya maelfu, kazi ya miaka minne ya shemeji yake. Siku moja ungebeba dawa hadi ndani ya ubongo. Walanguzi walimuua shemeji wakachoma madaftari yake yote. Kilichobaki duniani ni hiki.

Dada yake, mjane, alikuwa akingoja maabarani. Angeupiga utando kwa mashine ya miale ya nyutroni asome jinsi tabaka zake zinavyotetemeka pamoja. Saa sita mchana mashine ingezimwa kwa mwaka mzima.

Sasa ni saa nne na nusu. Redio ikakoroma.

"Nukta. Thibitisha mzigo."

Asubuhi dada alimwambia kwa simu, "Lilete hivyo hivyo lilivyo." Lakini Nukta alishazika wenzake wawili walioamini mizigo wasiyoifungua.

Akalegeza skrubu nne. Hewa yenye unyevu ikamgusa vidole. Ndani, kibao cheusi kilichobeba utando kinang'aa.

"Mzigo ni wenyewe."

"Safi! Mnunuzi naye tumemnyaka. Kazi imekwisha."

Saa tano na dakika ishirini dada alilipokea kopo kwa mikono miwili. Akaona skrubu zimekwaruzwa.

"Nani kafungua?"

"Mimi. Ilibidi nithibitishe."

"Unyevu umetoka, mdogo wangu. Tabaka zikikauka zinagandamana. Hazitetemeki tena."

"Si uongeze maji?"

"Ningejua marehemu aliyaingizaje, ningeshatengeneza utando mwingine."

Hata hivyo aliliweka kopo mashineni. Kwenye skrini, palipotakiwa kuinuka vilima, mstari ulilala. Walisimama wakiutazama mpaka saa sita, mashine ikanyamaza.

Majuto ni mjukuu. Nukta hakuwa na hata mtoto, lakini mjukuu huyu alimjia mapema, na alimuuma vibaya.

"Nukta, hongera," redio ilisema. "Mkubwa anataka kukupa mkono."

Akavaa miwani yake nyeusi, akatoka kwa mwendo ule ule wa taratibu aliofundishwa chuoni. Nyuma yake dada alikuwa akikaza skrubu, moja baada ya nyingine, zote nne.