Sifuri ya Helena

Kila asubuhi Helena alimsaidia baba yake, Paschal, kutoa ng'ombe zizini, kisha akakimbilia shuleni Lionja. Familia yake ilikuwa imehamia kijijini hapo kutoka Kanda ya Ziwa, na darasani bado aliitwa "yule wa wafugaji".

Siku hiyo Mwalimu Halfani alirudisha mtihani wa Kiingereza. Helena peke yake alikuwa amepata maana ya "unsafe" na "reopen", maneno ambayo hayakuwa yamefundishwa.

"Kaangalizia huyo!" Anuari alipayuka. "Ng'ombe wao wanaiba mihogo yetu, yeye anaiba majibu!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu, bila kuuliza hata neno moja, akamwandikia sifuri. Jamani! Aangalizie kwa nani, ilhali hakuna mwingine aliyepata?

Helena alisimama, machozi ya hasira yakimlengalenga. "Sikuangalizia, Mwalimu. Niandikie neno jingine lolote."

Mwalimu akaandika ubaoni "unlock". Helena akaziba "un" kwa kiganja.

"Hili lililobaki ni kufunga kwa kufuli. Ulitufundisha 'happy' na 'unhappy', nikaona 'un' inageuza maana. Basi hili ni kufungua. Na 'rewrite' ulisema ni kuandika tena, kwa hiyo 'reopen' ni kufungua tena. Ng'ombe wakichanganyika, tunatazama alama ya sikioni kwanza. Na mimi neno nalitazama mbele kwanza. Nafanya mazoezi kila jioni nikichunga."

"Haya, na 'uncle'?" Anuari alidakia.

Helena akaziba tena. "Kinachobaki si neno. Hapa 'un' si alama, ni sehemu ya neno lenyewe. Ni mjomba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Halfani alichukua karatasi, akaikata ile sifuri mbele ya wote.

"Nisamehe, Helena. Nimekuhukumu kabla ya kukuuliza, na hilo ni kosa kubwa. Wanafunzi, mwenzenu akijua msichokijua, msimwite mwizi. Muulizeni amejifunzaje, kisha nanyi mjitume kama yeye."

Mapumziko yalipofika, Anuari alimsogelea. "Helena, nifundishe na mimi hizo alama."

"Ng'ombe wetu waliingia lini shambani kwenu?"

Anuari akainama. "Hawajawahi kuingia."

"Basi rudi darasani ukawaambie wote, kwa sauti ileile."

Mapumziko yalipokwisha, Anuari alisimama darasani, akakiri mbele ya wote. Ndipo Helena akafungua kitabu chake, akamsogezea nafasi kwenye dawati.